Keria Yako Inabeba Nini?

Klabu ya afya ya sekondari moja ya kata wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, hualika mgeni kila muhula aje kuongea na wanafunzi. Wameshakuja muuguzi, bwana shamba na askari wa usalama barabarani. Safari hii walimwomba fundi baiskeli. Wapo waliouliza, fundi baiskeli na afya ni wapi na wapi? Tunayachapa maneno yake karibu yote kama alivyoyasema, pamoja na maswali mawili aliyoulizwa mwishoni.

Mbukwenyi!

Naona wenyeji wameitika, wageni mnanikodolea macho tu. Basi, hamjambo? Mwalimu Mkuu, walimu, na nyie wanangu, asanteni kwa kunialika. Mimi si daktari, na wala sikuja na makaratasi. Nina kibanda kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, wengi wenu mnakifahamu, maana miba ya huku kwetu inanilisha mimi na watoto wangu. Nimeziba pancha zenu kwa miaka zaidi ya ishirini.

Niliombwa niongee juu ya usalama wa baiskeli. Nikasema hiyo mada ni ndefu kama njia ya kwenda Mpwayungu, tutakesha. Nikachagua kipande kimoja tu, keria. Kile chuma cha nyuma.

Sababu ninazo mbili. Moja nitaisema baadaye kidogo, ni ya kwangu mwenyewe na si rahisi kuianza nayo. Ya pili ni kijana mmoja wa kidato cha tatu, yumo humu ndani, msigeuke kumtafuta. Alikuja kibandani kuziba pancha. Tukiwa tunaongea likapita gari linatoka upande wa Morogoro, nyuma limebeba baiskeli mbili zimesimama wima kama abiria. Kijana akaliangalia mpaka likapotea. Akauliza, "Fundi, zile zimeshikwa na nini? Na mtu akitaka kununua kile chuma anachaguaje?"

Lilikuwa swali la mtu mzima, na mimi nalijibu mbele yenu wote.

Keria ile haishikwi na bodi ya gari wala na buti. Chini ya bampa la nyuma kuna chuma kilichofungwa kwenye chesisi, kile cha kuvutia tela. Kwenye magari mengi ya huku kwetu chuma hicho kina kichwa cha mviringo, kama ngumi ya mtoto, upana wake milimita 50. Magari ya kutoka Marekani mara nyingi yana bomba la mraba lenye tundu, la inchi 2 au la inchi moja na robo, na keria inachomekwa humo kama mpini kwenye shoka halafu inafungwa kwa pini. Keria ya bomba haiingii kwenye kichwa cha mviringo, na ya kichwa haiingii kwenye bomba. Kwa hiyo mnunuzi asianze kuuliza rangi. Aanze kwa kulala chini ya gari lake aone lina chuma gani.

Akishajua hilo, atafute chuma hicho kimeruhusiwa kukandamizwa kwa kilo ngapi. Sisemi kuvuta, jamani, nasema kukandamizwa chini. Gari linaweza kuvuta tela la zaidi ya kilo 1,000, lakini pale kichwani likaruhusiwa kilo 75 tu. Imeandikwa kwenye kibati cha chuma chenyewe au kwenye kitabu cha gari. Sasa pigeni hesabu nami. Keria yenyewe kilo 20. Baiskeli mbili, kila moja kilo 15, hizo 30. Jumla 50, tuko salama. Rafiki anakuja na mbili zaidi, anasema hakuna shida, nafasi ipo. Ni kweli nafasi ipo, ila kilo sasa ni 80. Gari litaondoka tu, halisemi kitu. Litasema huko mbele, kwenye tuta.

Halafu kuna keria zinazoning'iniza baiskeli kwa kulishika lile bomba la juu la fremu, na kuna zinazokalisha matairi kwenye trei. Za kuning'iniza ni nyepesi, lakini baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu haina pa kushikwa, na zikiwa mbili zinagongana njia nzima. Mimi ningechukua ya trei. Mtu akishafunga, aangalie kama namba ya gari na taa za nyuma bado zinaonekana, na kama hakuna tairi lililokaa mbele ya ekzosi. Ule moshi ni moto, unaunguza mpira polepole na wewe uko mbele unasikiliza redio.

Mnacheka. Mnasema, fundi, sisi gari tutalitoa wapi? Baiskeli zetu zikisafiri zinapanda juu ya basi la kwenda Dodoma mjini. Sawa, na huko juu napo mwambieni kondakta afunge fremu, asifunge spoki wala waya za breki. Lakini nimeanza na gari makusudi. Maswali yale, chuma kimeshikwa wapi, kimeruhusiwa kilo ngapi na kinabeba nini, mwenye gari huyauliza kwa sababu kitabu cha gari kinamlazimisha. Mwenye baiskeli hana kitabu. Anakwenda kwa fundi wa kuchomelea anasema, "Nitengenezee keria ngumu." Ngumu, basi. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote. Na mimi nililisema.

Ndiyo ile sababu yangu ya kwanza. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa na Phoenix ya baba, keria yake ya kiwandani imekatika mguu mmoja. Nikafanya vibarua vya kuvuna zabibu, nikanunua mita tano za nondo ya milimita 12, nikapeleka kwa fundi. Akanichomelea keria ambayo kijiji kizima kilikuja kuiangalia. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 890 kwa kila mita, kwa hiyo kabla sijapakia hata daftari nilikuwa tayari nimebeba kilo nne na nusu. Sikujali. Ilikuwa ngumu. Nilipakia magunia, nilipakia dumu nne za maji, ikakaa kimya.

Jumapili moja mama akaniambia nimpeleke mdogo wangu wa kike kwa bibi. Alikuwa na miaka sita. Nikamkalisha nyuma juu ya khanga iliyokunjwa, nikamwambia anishike shati. Miguu yake ilikuwa inaning'inia huku na huku, maana sikuwa nimeweka mahali pa kukanyaga. Nondo ngumu, lakini mahali pa mtoto kukanyaga hapana. Tulipofika kwenye mchanga wa korongo nikasimama kwenye pedeli nikazane. Baiskeli ikayumba, naye akabana miguu ili asianguke. Nikasikia sauti kama ya ukuni mkavu, na gurudumu likakataa kuzunguka.

Kisigino chake kilikuwa kimeingia katikati ya spoki na chuma cha uma wa nyuma.

Mimi nikauvuta mguu. Hilo sitaki mlifanye. Mguu ukinaswa, usivute. Mtu mmoja ashike baiskeli isitingishike, mwingine arudishe gurudumu nyuma taratibu, au mlegeze nati mlitoe gurudumu, au mkate spoki. Spoki ni kitu cha kununua.

Damu haikuwa nyingi, na hicho ndicho kilichotudanganya. Ngozi ilikuwepo, imechubuka na kuvimba basi. Nyumbani tukamwagia mafuta ya taa, tukafunga kitambaa, tukasema mtoto atapona. Siku ya nne kisigino kikawa cheusi na kikaanza kutoa harufu. Ndipo akapelekwa hospitali, akakaa wodini mwezi mzima.

Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alinieleza kilichotokea, na nawapa kama alivyonipa. Spoki haikati kama kisu, inaponda. Ngozi na nyama ya chini yake vinasagwa, na ile mishipa midogo ya damu inakufa. Siku ya kwanza juu panaonekana pamechubuka tu. Baada ya siku chache ile ngozi iliyokosa damu inakufa na kung'oka. Wakati mwingine na mfupa umevunjika ndani, hasa kwa watoto. Kwa hiyo mguu ulioingia kwenye spoki uoshwe kwa maji safi mengi na sabuni, ufunikwe kwa kitambaa safi, na mtu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama anasema haumi sana. Huko wataangalia mfupa na watauliza habari ya sindano ya pepopunda. Mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, vyote hivyo viacheni.

Mdogo wangu leo ana watoto wawili. Anatembea vizuri. Ila viatu vya kufunika kisigino hawezi kuvaa, kile kovu kinachubuka. Hata harusini anakuja na kandambili, amependeza kote, chini kandambili. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiyo kila nikimwona naangalia chini.

Haya. Tuendelee, msininyamazie hivyo.

Nilichokosea mimi si ugumu wa chuma. Chuma kilikuwa kigumu kupita kiasi. Nilikosea kwamba sikuuliza keria ile itabeba nini. Ya kubeba maji na ya kubeba mtu ni keria mbili tofauti, hata kama ni chuma kilekile.

Ikiwa ni ya mtu, cha kwanza ni vikanyagio vya miguu, huku na huku, vimefungwa imara karibu na ekseli ya nyuma. Cha pili ni kinga ya kuzuia mguu na nguo visiingie kwenye spoki. Msiniambie hakuna hela. Chukua dumu la manjano lililopasuka, kata ubavu wake upate kipande kipana, toboa matundu pembeni, kifunge kwa waya kwenye miguu ya keria upande wa kulia na wa kushoto. Hakikisha hakigusi spoki wala tairi gurudumu likizunguka. Ni dakika ishirini. Kwangu nawafungia bure, na dumu nawapa. Nyie akina dada mnaokaa upande kwa sababu ya sketi, kinga hiyo ni yenu zaidi, maana khanga na sketi vikinaswa na gurudumu vinamvuta mwenye navyo chini kabla hajapiga kelele. Lakini kama inawezekana, vaa suruali ya michezo chini ya sketi ukae kwa kupanda, mguu huku na huku. Anayekaa upande anaivuta baiskeli upande mmoja, na kwenye mchanga wetu huu mwendeshaji anapigana na wawili, mchanga na abiria.

Mnajua neno bodaboda limetoka wapi? Halikuanza na pikipiki. Lilianza miaka ya 1960 pale Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, na lilianza na baiskeli. Vijana walikuwa wanapakia abiria kwenye keria kuwavusha kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, wanaita "boda, boda!" Wale walikuwa wanapata riziki kwa keria, abiria akiumia kesho harudi. Wakashona mto wa kukalia, wakaweka na mahali pa kukanyaga. Biashara iliwafundisha. Mimi nilifundishwa na mdogo wangu.

Tuje kwenye kilo. Nyie wa fizikia mtanisaidia. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji na dumu lenyewe, tuseme 21. Matatu ni 63. Swali ni kwamba zile kilo zimekaa wapi. Zikikaa juu ya ekseli ya nyuma kabisa, zinabebwa na gurudumu la nyuma. Zikisogea nyuma ya ekseli, zinafanya kama mtoto aliyekaa ncha ya ubao, zinanyanyua mbele. Chukua mzigo wa kilo 60, uweke sentimita 30 nyuma ya ekseli. Kutoka gurudumu hadi gurudumu baiskeli ina kama sentimita 110. Zidisha 60 kwa 30, gawanya kwa 110. Nani amepata? Kilo 16 na kitu. Hizo zimetolewa kwenye gurudumu la mbele. Na gurudumu la mbele la mtu mwembamba kama wewe lilikuwa na kilo 30 hivi. Umebaki na nusu, na hiyo nusu ndiyo unayokatia kona. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi, unacheza kama mlevi, na wewe unasema baiskeli ina pepo.

Kwa hiyo mkienda kuchagua keria msitafute ndefu. Fupi inayokaa juu ya gurudumu ni bora kuliko ndefu inayotokeza nyuma. Na maji yashushwe chini: dumu moja ubavu huu, moja ubavu huu, yaning'inie karibu na ekseli bila kugusa spoki, la tatu ndiyo likae juu. Dumu lijae kabisa au liachwe tupu. Lililojaa nusu, maji yanacheza ndani na kukusukuma kila ukikata kona.

Imeshikwa wapi, ndilo jambo ninalolitazama kwanza baiskeli ikiingia kibandani. Hizi Phoenix za China, Hero na Avon za India, keria yake ina miguu inayoshuka mpaka kwenye ekseli ya nyuma, na mbele imefungwa kwenye bolti ya chini ya siti. Mzigo unateremkia kwenye ekseli, ekseli inaukabidhi kwa gurudumu. Vizuri. Sasa zimekuja hizi baiskeli za gia, za mitumba. Nyingine zina keria inayobana bomba la siti peke yake, haina mguu hata mmoja unaoshuka chini. Ni nzuri kwa macho. Nyingi za namna hiyo zimeandikwa kilo 10 au chini ya hapo. Kilo 10 ni kama nusu ya dumu tu. Ukimkalisha mtu pale, bomba la siti litapinda au kile kibanio kitateleza, na mtu atatua juu ya tairi linalozunguka. Zile zenye miguu miwili kila upande nyingi zimeandikwa kilo 25. Hiyo ni namba iliyogongwa kwenye chuma, isomeni, si mapambo. Dumu moja lililojaa, basi, imetosha. Mtu mzima hapandi hapo.

Zipo zilizotengenezwa kwa kazi yetu hii. Shirika moja la Marekani, World Bicycle Relief, lilianza mwaka 2005 kwa kupeleka baiskeli Sri Lanka baada ya ile tsunami ya Desemba 2004, halafu likageukia vijiji vya Afrika. Baiskeli yao inaitwa Buffalo na keria yake imepimwa kwa kilo 100. Lakini angalieni walichofanya. Hawakunenepesha keria peke yake. Walinenepesha na spoki, rimu, tairi na fremu. Mimi na nondo yangu nilinenepesha kitu kimoja nikaacha vingine vyote vya baba. Ndiyo maana baada ya mwaka spoki zilianza kukatika moja moja, na mimi nasema spoki za siku hizi mbovu.

Kama lazima uchomelee, basi iwe bomba jembamba au nondo ya milimita 8, ambayo uzito wake ni chini ya nusu ya ile ya 12, na miguu ishuke mpaka kwenye ekseli. Mwambie fundi asichomelee kwenye fremu ya baiskeli, moto ule unailegeza fremu pale pale. Ifungwe kwa bolti na washa. Bei msiniulize, inategemea chuma cha siku hiyo na sura ya mnunuzi.

Breki sitazisema sana, mwaka jana askari aliziongelea. Nasema moja tu. Breki iliyokutosha ukiwa peke yako haikutoshi ukiwa na kilo 60 nyuma. Kabla hujashuka mlima, ijaribu kwenye tambarare ukiwa umeshapakia. Ikikosa nguvu, teremka utembee. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya kukokota baiskeli.

Na kufunga mzigo. Mipira ya tyubu kuukuu ni mizuri sana kuliko kamba, maana inavuta muda wote, mzigo ukitikisika nayo inaufuata. Ila ile ncha inayobaki, ichomeke ndani. Ncha inayoning'inia ikidakwa na spoki, baiskeli inasimama ghafla na wewe unaendelea na safari. Vibanio vyenye ndoano za waya, ukivivuta geuza uso pembeni. Ndoano ikichomoka inakuja moja kwa moja kwenye jicho.

Kuna mizigo si ya keria kabisa. Gunia la mahindi la kilo 100, mgonjwa asiyeweza kukaa, mama anayekwenda kujifungua. Sisi Wagogo tuna punda, na punda na mkokoteni si kitu cha kuonea aibu. Wenzetu wa Uganda, Malawi na Zambia walitengeneza tela la baiskeli lenye machela, la kupelekea wagonjwa kwenye zahanati. Mnaona sasa tunarudi kwenye lile gari? Tela lina magurudumu yake mawili, kilo za mgonjwa zinabebwa na tela lenyewe, baiskeli inavuta tu. Na pale linaposhikiwa, kwenye ekseli au chini ya siti, panatakiwa pageuke kila upande, ili baiskeli ikilala mgonjwa asilale nayo. Likishikiwa chini karibu na ekseli, halikusukumi sana ukipiga breki. Kijana mwenye kichwa cha ufundi humu ndani anaweza kulitengeneza. Nitampa magurudumu mawili ya kuanzia.

Nimemaliza. Mwalimu ananionyesha saa. Maswali.

Mwanafunzi wa kiume: Shikamoo fundi. Mimi nampakia mdogo wangu kila siku kuja shule ya msingi hapo jirani. Ana miaka minne. Hata nikiweka vikanyagio miguu yake haifiki. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri, maana nilipitiliza hapo. Mtoto ambaye miguu haifiki kwenye kikanyagio hajafika umri wa keria tupu. Anahitaji kiti chenye mgongo, mkanda wa kumfunga, na mahali pa miguu palipozibwa pembeni. Fundi seremala na fundi wa kuchomelea wakikaa pamoja wanakitengeneza. Mpaka kipatikane, shuka umkokote, au mtembee wote. Najua ni mbali. Na asilale huko nyuma, mtoto akisinzia miguu inalegea na kuingia. Mwimbishe njiani.

Mwanafunzi wa kike: Shikamoo. Fundi, umesema uchague keria. Lakini wengine hatuna baiskeli, tunapewa lifti. Wewe uliyepewa lifti unachaguaje?

Marahaba. Hili swali darasa lote limenyamaza, basi nalijibu polepole. Kwanza keria ya mwenzako nayo ni keria. Angalia pa kukanyaga papo, kinga ipo, breki zipo. Kama hakuna, una haki ya kusema ahsante, natembea. Lakini nadhani unauliza zaidi ya hapo. Kutoka hapa mpaka vijiji vingine ni kilomita nane, kumi, jua kali. Anatokea mkaka na baiskeli, siku hizi zaidi na pikipiki, anasema panda dada. Siku ya kwanza bure. Ya pili bure. Mwezi ukiisha anakudai, na hadai hela. Mimi nakaa barabarani mchana kutwa, naona. Nimeona wasichana wazuri wa shule hii wakiacha masomo, na ilianzia kwenye lifti. Sisemi kila anayekupa lifti ni mbaya, mimi mwenyewe huwapa watu. Nasema lifti si deni. Akianza kuihesabu, shuka, na siku hiyohiyo mwambie mama, au mwalimu unayemwamini, usingoje mpaka iwe siri nzito. Na mtembee wengi pamoja, saa moja. Na kwa wazazi, kwa vile mnasema gazeti hili linafika nyumbani: kama kuna hela ya baiskeli moja ndani ya nyumba na watoto wawili wa sekondari, wa kike na wa kiume, kaeni mfikirie upya kwa nini kila mara inakuwa ya wa kiume.

Naam, kengele hiyo. Wenye baiskeli msiondoke. Zileteni pale chini ya mbuyu, nina spana namba 10, 14 na 15, na nimekuja na dumu tatu zilizopasuka. Tutaanza na wewe mwenye Phoenix nyeusi. Keria yako upande wa kushoto umeifunga kwa waya, niliiona wakati naingia getini.